Ndege ya Plastiki ya Kabula

Juzi nilikuwa saluni hapa Kahama, nimekaa nasukwa, mara msichana wa kucha akafungua kichupa cha dawa ya kufutia rangi. Harufu ilinifikia kabla sijakiona kichupa chenyewe. Ni harufu kali, yenye utamu kidogo kwa mbali, inayopanda moja kwa moja hadi nyuma ya macho. Dada aliyekuwa ananisuka akaniuliza kama ananivuta nywele sana, maana machozi yalikuwa yananitoka. Nikamwambia aendelee tu, si yeye. Zaidi ya hapo sikumweleza. Ningeanzia wapi? Kwangu mimi hiyo si harufu ya kucha. Ni harufu ya bawa la ndege linaloyeyuka juu ya meza ya cherehani, kule Ngokolo, Shinyanga, na dada yangu ameshika kipande cha pamba, haamini anachokiona.

Kwetu tulikuwa watoto wawili. Dada yangu aliitwa Kabula kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha, na mimi nikaitwa Limi kwa sababu nilizaliwa jua likiwaka. Majirani wasio Wasukuma walipoelezwa maana ya majina hayo walicheka, wakasema mama yetu anazaa utabiri wa hali ya hewa. Mama alikuwa fundi cherehani, anashonea sebuleni. Baba aliendesha malori makubwa kwenye mgodi upande wa Geita. Alikaa kambini huko hadi zamu yake iishe, ndipo anarudi Shinyanga kupumzika. Mliokua wakati wetu mtakumbuka ilivyokuwa kuwa na baba wa kwenye simu: unabipu, unasubiri apige, mnanyang'anyana simu ya mama, kila mtu anasema lake mbiombio kabla vocha haijaisha.

Kabula alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Neno hilo nililijua kabla sijajua kusoma, ila sikujua maana yake. Nilichojua ni weupe wa macho yake uliogeuka manjano, vidonge vya kila asubuhi, chupa ya maji ambayo hakutakiwa kuiacha, na sweta alilovalishwa hata Shinyanga ilipowaka jua la kukausha matope. Nilizijua pia siku za mifupa. Siku hizo Kabula alilala amejikunja, mama anamkanda kwa kitambaa cha moto, na mimi naambiwa nikacheze nje. Watu wazima walikuwa wakisema, "Baridi ndiyo inayomponza." Basi nikaamini kwamba ugonjwa wenyewe ni baridi, hakuna kingine, na kwamba mtoto aliyefunikwa vizuri hawezi kupatwa na jambo. Kila alipolala mchana nilimwongezea khanga juu ya blanketi, mpaka ananifokea kwamba nampika.

Mwaka ambao hakwenda shule karibu muhula mzima, baba alirudi likizo na boksi. Kule mgodini fundi mmoja wa umeme, mgeni, alikuwa anarudi kwao, na kabla ya kuondoka aliwagawia madereva vitu vyake. Wengine walipata viatu, wengine birika. Baba alipata boksi lenye picha ya ndege ndogo nyeupe ya injini mbili, inapaa juu ya mawingu.

"Nimemletea mgonjwa wangu ndege," akasema, akaliweka mapajani mwa Kabula.

Kabula alifungua kifuniko, uso ukabadilika. Ndani hapakuwa na ndege. Palikuwa na vijiti vya plastiki vilivyoungana kama matawi yasiyo na majani, na vipande vidogo vidogo vimening'inia humo, pamoja na karatasi iliyokunjwa.

"Baba, imevunjika yote," nikasema mimi.

"Haijavunjika," Kabula akajibu polepole. Alikuwa ameshaifungua ile karatasi, macho hayabanduki. "Haijaanza. Inatakiwa tuitengeneze sisi."

Sijawahi kumwona mtu akipona haraka namna ile. Alishuka kitandani siku ileile, akamsogezea mama vitambaa vyake pembeni, akachukua nusu ya meza ya cherehani. Mama alilalamika kwamba vipande vya plastiki vitaingia kwenye mashine, lakini hakumwondoa. Nadhani alikuwa na furaha kumwona amekaa wima.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa na michoro na maandishi ya kama vijiti vya kiberiti ambayo hakuna mtu wa Ngokolo angeweza kuyasoma. Mchoro wa kwanza kabisa ulionyesha beseni, povu la sabuni, na vipande vya ndege vikielea ndani. Kabula alicheka. "Wenzetu wanaogesha hata midoli," akasema, tukaruka hatua hiyo. Hatukujua kwamba plastiki mpya hutoka kiwandani na mafuta, na rangi haishiki juu ya mafuta. Tulikuja kujua rangi ilipoanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, tayari tumekwisha kupaka bawa zima.

Tulikosea mengi. Leo nikimwona mtoto wangu anataka kurukia kazi namkumbuka Kabula, maana alikuwa na akili nyingi na subira ndogo. Vipande alivikwanyua kwa vidole badala ya kuvikata, na kila kimoja kikabaki na kovu pale kilipotoka. Baadaye akaanza kutumia kikata kucha cha baba, na mimi nikapewa kazi ya kusugua makovu kwa msasa. Kipande kimoja chembamba kama mwiba kiliruka kutoka mkononi mwake, tukakitafuta chini ya kila kitu, hatukukiona tena. Gundi iliyokuja kwenye boksi ilikuwa imekauka, tukatumia ile ya dukani inayoganda mara moja na kukugandisha vidole. Nusu mbili za mwili wa ndege tulizibana kwa vibanio vya nguo. Mama akakosa vibanio, nguo zake zikapeperushwa hadi uwanja wa jirani.

Gundi ile ilikuwa na tabia nyingine. Tulipobandika vioo vya mbele, vile ambavyo rubani anaonea, viliingia ukungu mweupe kwa ndani. Kabula alivifuta kwa pindo la sweta, akavipulizia pumzi, akavifuta tena. Wapi. Ndege yetu ilikuwa imepata mtoto wa jicho kabla ya kuruka.

"Rubani haoni," nikasema.

"Rubani yuko wapi kwanza?" akauliza.

Tukatazamana. Tukageukia boksi. Marubani wawili walikuwa bado wamening'inia kwenye kijiti chao, wamekaa, mikono mbele, wanasubiri kuingizwa kwenye ndege ambayo tulikuwa tumeshaifunga. Kabula alicheka mpaka akashika kifua. Alicheka mpaka mama akaacha kukanyaga cherehani, akaja kumtazama, akamwambia apunguze, atajichosha. Kicheko kile ninacho mpaka leo. Nikikaa kimya nakisikia vizuri kuliko sauti yake ya kuongea, ambayo imeanza kunipotea.

Siku ambayo magurudumu yalikauka, tukaisimamisha mezani. Ilisimama kidogo, halafu pua ikapanda juu taratibu na mkia ukagonga meza. Tukaishusha pua. Ikapanda tena. Ilikaa kama mbwa anayesubiri mfupa.

Kabula alirudi kwenye karatasi, akaifuata kwa kidole mchoro baada ya mchoro, mpaka akafika mahali palipochorwa kipira kidogo cheusi na mshale unaoingia ndani ya pua. Mahali hapo tulikuwa tumepapita siku nyingi. "Uzito," akasema. "Walitaka tuweke kitu kizito puani kabla ya kufunga. Limi, tumeufunga mwili bila uzito."

Jioni hiyo alimbipu baba, ambaye alikuwa amesharudi mgodini. Baba alipopiga, Kabula hakumsalimia hata vizuri.

"Shikamoo baba. Baba, nahitaji kitu kidogo kizito sana."

"Marahaba ng'wanone, mwanangu. Kizito kama nini?"

"Kama nati. Ila ndogo. Za kuingia kwenye pua ya ndege."

Nilisikia baba akicheka kwenye simu. Alisema kule karakana nati zimejaa tele, atamletea nyingi mpaka ndege ishindwe kunyanyuka. Kabula akasema hapana, isishindwe kunyanyuka, iwe sawa tu. Alikuwa anasema kwa dhati kabisa. Nilikuwa namsikiliza nikajua dada yangu hachezi, anafanya kazi. Baada ya simu nilimuuliza kama akikua atakuwa rubani. Akakataa. "Nataka kuwa yule anayeikagua chini, kabla haijaruka," akasema. "Yule anayesema hii leo haiondoki."

Lakini hakuweza kumsubiri baba. Alitaka kuufungua mwili wa ndege mapema, nati zikifika ziingie tu. Alikuwa amemwona dada Rehema, jirani yetu mwenye saluni, akiondoa gundi ya kucha za bandia kwa dawa ya kufutia rangi, akaona kama inaondoa gundi ile itaondoa na hii. Akanituma, nikaleta kichupa. Akalowesha pamba, akaipitisha kwenye mshono, pale bawa lilipokutana na mwili.

Gundi haikutoka. Plastiki yenyewe ndiyo iliyolainika, ikawa kama ubuyu uliotafunwa, na pamba ikanasa humo. Alipoivuta, bawa likafuata pamba na kunyooka nyuzi nyuzi, kisha likaganda hivyo hivyo, limepinda. Harufu ilijaa nyumba nzima.

Kabula hakuwa mtu wa kulia. Siku za mifupa aliuma meno, machozi yanatoka bila sauti. Siku hiyo alilia kama mtoto mdogo kuliko mimi. Mama alikuja mbio akidhani ni maumivu, akamshika mabega, akamuuliza, "Wapi? Panauma wapi?"

"Hapaumi popote!" akapiga kelele. "Nimeiharibu, mama. Kila kitu nakifanya nimechelewa. Wenzangu wako darasani, mimi hata hii imenishinda."

Mama akamwambia ni nguo ngapi amezikata vibaya na watu wamezivaa na kupendeza. Alisema hayo huku anafungua madirisha kutoa ile harufu. Nje mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Samuye, kijijini kwa babu, na upepo wa mvua ukaingia.

Mvua ilinyesha kutwa nzima ya siku iliyofuata. Mifupa ikaanza, kisha kifua. Nilimletea Kabula khanga zote za nyumbani, na sweta la baba, na hata kitambaa cha mteja ambacho mama hakuwa amekikata bado. Nilimfunika mpaka akabaki pua. Bado alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbia, na sikuelewa, kwa sababu mikono yake ilikuwa ya moto. Baridi ingempataje mtu wa moto namna ile? Mama alimwita kijana wa bajaji, wakamwingiza Kabula wamemshika huku na huku, wakaondoka kwenda hospitali. Mimi nikabaki kwa dada Rehema.

Nilipelekwa kumwona. Alikuwa kwenye kitanda cha dirishani, mpira mwembamba umeingia mkononi, na mfuko wa damu umening'inia juu yake. Mama alisema anaongezewa damu. Nilifurahi. Nilifikiri kuongezewa ni kupata zaidi ya wengine, kwamba sasa dada yangu atakuwa na damu nyingi kuliko mtu yeyote Ngokolo. Nilimwambia hivyo, akatabasamu bila kufungua mdomo. Halafu akaniita kwa kidole, nikainama.

"Ndege iko wapi?"

"Mezani."

"Mama asiiweke juani. Na zile nembo za kubandika usiziguse. Hizo ni za mwisho, zinaloweshwa kwenye maji kwanza. Nitazifanya mwenyewe."

"Baba analeta nati," nikasema.

"Najua," akasema. Akafumba macho, mama akanishika mkono tukatoka, kwa sababu alitakiwa apumzike.

Sikuja kuongea naye tena.

Siku baba alipokuja, nilikuwa nacheza uwanjani kwa dada Rehema. Nilimwona akishuka kwenye gari la mtu nisiyemjua, mchana, amevaa nguo za kazi zenye vumbi la mgodi. Haikuwa likizo yake. Nilimkimbilia nikimwita kwa nguvu, nikamrukia, akaninyanyua na kunibana kifuani muda mrefu kuliko kawaida. Niliona wanaume wanasimamisha turubai mbele ya nyumba yetu. Viti vya plastiki vinashushwa kwenye mkokoteni, na masufuria makubwa kama ya harusi. Moyo wangu ulijaa furaha. Nilijua Kabula ametoka hospitali. Nilijua wanamfanyia sherehe, na baba ameruhusiwa kazini kwa ajili hiyo.

Nilijinasua kutoka mikononi mwake, nikaingia ndani mbio, nikaichukua ile ndege na bawa lake lililopinda, nikarudi nayo nje katikati ya watu.

"Baba, umeleta nati? Kabula alisema lazima ziingie kabla hajarudi kuibandika nembo!"

Wanaume waliokuwa wanafunga kamba za turubai waliacha kazi. Baba alichuchumaa mbele yangu. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa leso iliyofungwa fundo, na ndani yake mlikuwa na nati ndogo, zimefutwa mafuta zikang'aa. Alikuwa nazo. Alikuwa ameziweka mfukoni siku nyingi akisubiri likizo, na walipomwita kumpa habari akaja nazo. Wakati huo gari lililomleta mama lilikuwa linaingia, mama akashuka amejifunga khanga kiunoni, na wanawake waliokuwa ndani wakapaza vilio vyote kwa pamoja. Hapo ndipo nilipojua turubai lile ni la nini.

Tulimzika Samuye, kwenye shamba la babu, udongo ukiwa bado umelowa. Nakumbuka nilitaka kuuliza kama chini hakutakuwa na baridi. Nilimtazama mama nikaona nisiulize. Mama hakulia mbele ya watu. Alishika kila mkono ulionyooshwa kwake, akaitikia kila pole, akahakikisha wageni wamekula. Wanawake walisema mama Kabula ana moyo mgumu, Mungu amempa nguvu. Mimi nilikuwa nimelala pembeni yake jamvini, nikamsikia anavyopumua, na sikuona nguvu yoyote.

Kabla ya kurudi Geita baba alikaa nami mezani. Alipasha msumari moto, akatoboa tundu chini ya pua ya ndege, akaingiza nati moja moja, akaziba kwa gundi. Aliiweka mezani. Ikatua kwa magurudumu yote, ikabaki hivyo. Aliitazama, akanipapasa kichwa, akaenda kufunga begi lake. Safari hiyo ndiyo aliyoanza kutafuta kazi ya kuendesha malori ya mchele palepale Shinyanga, mshahara mdogo kuliko wa mgodi. Kabla mwaka haujaisha alikuwa analala nyumbani kila siku. Hakuna aliyemuuliza sababu.

Mama alirudi kushona. Jina la Kabula halikutajwa. Watu waliacha hata kumwita mama Kabula, wakidhani wanamwonea huruma, wakaanza kumwita mama Limi. Aliitika. Lakini kila alipoitwa hivyo nilimwona anachelewa kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina la jirani.

Kisha siku moja, mchana wenye joto, alikuwa anatafuta pateni ya gauni kwenye rundo la karatasi zake, akakutana na ile karatasi ya nembo. Aliigeuza huku na huku. Ilikuwa na mistari ya bluu na nyota ndogo na herufi.

"Hizi zinabandikwaje?" akaniuliza.

Nikamwambia zinaloweshwa kwenye maji kwanza. Aliacha gauni la mteja, akaenda kuleta bakuli la maji ya vuguvugu, akakaa mahali pa Kabula. Alikata mstari wa kwanza kwa mkasi wake wa kushonea, akautumbukiza. Mikono ya mama ilijua kutunga uzi kwenye sindano gizani, lakini siku hiyo haikuweza kusubiri. Aliuvuta mstari haujaachia karatasi vizuri, ukakatika vipande viwili. Kimoja kikabaki kwenye kidole chake.

Alikitazama kidole hicho. Kisha akaweka kichwa juu ya mashine, akalia. Alilia kwa sauti ambayo hakuitoa hospitali wala Samuye, mabega yanaruka, miguu imekanyaga pedali na gurudumu la cherehani linazunguka bure. Nilisimama nyuma yake. Nikafanya kama yeye alivyomfanyia Kabula siku za mifupa, nikamsugua mgongo taratibu, juu kwenda chini, juu kwenda chini, mpaka gurudumu likasimama.

Alijifuta uso kwa kitambaa cha mteja. "Lete nyingine," akasema.

Safari hii tulisubiri. Tulikaa tukitazama maji mpaka mstari ukaanza kuelea wenyewe, mama akauteleza juu ya bawa kwa ncha ya kidole, upande ule uliopinda. Aliinamisha kichwa, akafumba jicho moja kama anavyopima upindo wa sketi.

"Kabula angesema umekaa upande," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina hilo tangu tulipotoka Samuye. Lilitoka vizuri, kwa sauti yake ya kawaida.

"Angesema, mama," nikajibu. "Na angetufokea."

"Basi tuunyooshe kabla haujakauka."

Tukaunyoosha.